Watoto wawili, mmoja wa kiume: ni nusu au theluthi?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la wapenda mafumbo ya mantiki na uwezekano. Ijumaa usiku mmoja wetu anatupia fumbo, tunakuna vichwa hadi Jumapili. Sasa kuna moja limetukwamisha: 'Jirani yako mpya ana watoto wawili. Mmoja wao ni wa kiume. Kuna uwezekano gani kwamba wote wawili ni wa kiume?' Mimi nasema nusu, maana huyo mwingine ama ni wa kiume ama ni wa kike. Wenzangu wanasema theluthi. Tukapiga kura, nusu ikashinda. Kesho yake kijana mmoja wa chuo akaleta programu ya kompyuta iliyorudia jambo hilo mara laki moja, ikatoa theluthi. Hatujapoa, mwingine akaandika ya kwake, ikatoa nusu! Maneno yakawa mengi, watu wawili wakajitoa. Jibu ni lipi? Hesabu inaweza kuwa na majibu mawili? Halafu kuna mwenzetu anasema anayeyajua haya hawezi kuliwa kwenye kubeti, na ameshaanza kutuuzia mikeka, yaani orodha za utabiri wa mechi. Mimi hesabu nilipata F. Huenda kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya."

Marahaba, admini. Nianze na linalowachoma zaidi. Programu zote mbili ziko sahihi, kura haikuwa na kazi yoyote, na hao wawili waliojitoa waombwe warudi. Kasoro iko kwenye fumbo lenyewe: linasema mmoja wa watoto ni wa kiume, lakini halisemi ninyi mlijuaje. Anayejibu nusu amejijazia kimoyomoyo namna moja ya kujua, anayejibu theluthi amejijazia nyingine, kisha mnagombea jibu wakati hamkusoma swali lilelile.

Fumbo hili si geni. Martin Gardner, aliyekuwa na safu ya michezo ya hisabati katika jarida la Scientific American la Marekani, alilichapisha mwaka 1959 na kulipa jibu la theluthi. Baadaye alikubali hadharani kwamba swali, jinsi alivyoliandika, lina utata. Kwa hiyo kundi lenu limefika palepale alipofika yeye, ila ninyi mmefika kwa kelele zaidi.

Tuhesabu sasa. Nitachukulia, kama mafumbo ya aina hii yanavyochukulia, kwamba kila uzazi una nafasi sawa ya mvulana na msichana, na kwamba wa kwanza hamwamulii wa pili. (Wavulana huzaliwa wengi zaidi kidogo, kama 105 kwa kila wasichana 100, lakini ugomvi wenu hautoki hapo.) Andika M kwa mvulana na S kwa msichana, mtoto mkubwa kwanza, mdogo baadaye. Utapata hali nne: MM, MS, SM na SS. Zote nne zina nafasi sawa, robo kila moja.

Hapa ndipo watu wengi huteleza kabla hata ya kufika kwenye fumbo. Wanasema hali ni tatu: wavulana watupu, wasichana watupu, au mchanganyiko, basi kila moja ina theluthi. Sivyo. Mchanganyiko una milango miwili ya kuingilia, mkubwa mvulana au mkubwa msichana, kwa hiyo unabeba nusu ya familia zote. Na usidhani wanaoteleza ni waliopata F peke yao. Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa wa karne ya 18, aliandika mwaka 1754 katika Encyclopédie, ensaiklopidia maarufu ya nchi hiyo, kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni theluthi mbili. Alihesabu hali tatu akazipa uzito sawa. Jibu ni robo tatu. Cheti chako cha mtihani kiache kabatini.

Sasa tuje kwenye kiini. Chukua familia 400 zenye watoto wawili wawili. Kwa wastani 100 ni MM, 100 ni MS, 100 ni SM na 100 ni SS.

Karani wa sensa anapita nyumba kwa nyumba na dodoso lake. Anamuuliza kila mzazi: "Katika watoto wako wawili, yupo hata mmoja wa kiume?" Familia 300 zitajibu ndiyo. Katika hizo, zenye wavulana wawili ni 100. Kwa habari iliyopatikana kwa njia hii, jibu ni theluthi moja, na hakuna namna ya kulikwepa.

Achana na karani. Jirani kahamia jana, na jioni unamkuta dukani kwa Mangi ameshika mkono mtoto mmoja wa kiume. Mnasalimiana, anakuambia ana wawili, mwingine kabaki nyumbani na mama yake. Tuseme mzazi huyu hutoka na yeyote aliye karibu na mlango, bila kuchagua. Katika familia 100 za MM, zote zitaleta dukani mvulana. Katika familia 200 za mchanganyiko, nusu tu zitaleta mvulana, yaani 100. Nyingine 100 ungewaona na binti na wala usingekuwa unajiuliza swali hili. Waliokuja na mvulana ni 200, wenye wavulana wawili ni 100. Jibu ni nusu.

Umeona? Familia ni zilezile na sentensi ni ileile, "mmoja wao ni wa kiume". Kilichobadilika ni njia ambayo habari ilipitia hadi ikakufikia.

Na haiishii kwenye majibu mawili. Mwone jirani huyohuyo Ijumaa akiingia msikitini na mtoto mmoja wa kiume. Tuseme kwa familia hizi binti huenda na mama upande wa wanawake, na mvulana huenda na baba. Kama baba mwenye wavulana wawili humchukua mmoja tu kwa zamu, basi familia zote 200 za mchanganyiko zitaonekana na mvulana mmoja, na zote 100 za MM vilevile: tumerudi kwenye theluthi. Lakini kama desturi ya baba huyo ni kwenda na wavulana wote alionao, basi kumwona na mmoja kunakuambia waziwazi kwamba yule mwingine ni binti. Uwezekano wa wavulana wawili ni sifuri! Majibu matatu tayari, na hatujatoka mtaani kwenu.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, jiulize mambo mawili. Kama familia hii ingekuwa ya wavulana wawili, ningepata habari hii mara ngapi? Kama ingekuwa ya mchanganyiko, ningeipata mara ngapi? Kwa karani, zote mbili zingeniletea habari hii kila mara. Dukani, ya mchanganyiko ingeniletea nusu ya mara tu, na ndiyo maana ya wavulana wawili inapanda. Huna haja ya fomula. Ukiitaka, ni ile iliyopewa jina la Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 akiwa ameshafariki. Fomula yenyewe haifanyi zaidi ya kuuliza maswali hayo mawili na kulinganisha hesabu.

Turudi kwenye hoja yako: "huyo mwingine ama ni wa kiume ama ni wa kike." Ina matatizo mawili. La kwanza ni dogo: matokeo kuwa mawili hakuyafanyi yawe sawa kwa sawa. Kesho mvua ama itanyesha ama haitanyesha, lakini hakuna mtu wa Dodoma atakayekubali kwamba mwezi Agosti hiyo ni nusu kwa nusu. La pili ndilo zito. Ukisema "huyo mwingine", umeshamnyooshea mtu kidole: huyu hapa ni wa kiume, sasa tumwulizie yule. Dukani ni kweli, yupo mtoto uliyemwona kwa macho na yupo aliyebaki nyumbani. Kwa karani hakuna aliyenyooshewa kidole. Mzazi wa wavulana wawili aliyejibu "ndiyo" hakumtaja yeyote, kwa hiyo "mwingine" hayupo wa kumwulizia. Na kama fumbo lingesema "yule mkubwa ni wa kiume", kidole kingekuwa kimeshanyooshwa: zinabaki MM na MS, jibu nusu, hakuna ugomvi.

Programu zenu nazo sasa zinajieleza. Sijaziona, lakini naweza kubahatisha mstari zinakopishana. Ya kijana wa chuo inazalisha jozi ya watoto, inatupa jozi zisizo na mvulana kabisa, kisha inahesabu MM katika zilizobaki. Huyo ni karani wa sensa. Ya pili inazalisha jozi, inachagua mtoto mmoja kati ya wawili, inatupa jozi hiyo kama aliyechaguliwa ni msichana, kisha inahesabu. Huyo ni jirani wa dukani. Kompyuta haikupatanishi na swali, inajibu lile uliloliandika. Kurudia mara laki moja kunaondoa bahati nasibu tu. Dhana uliyoiingiza mwanzoni inatoka nayo mwishoni ikiwa imara vilevile. Siku nyingine akija mtu na programu, msimwombe tarakimu. Mwombeni asome kwa sauti mstari unaosema ni jozi zipi zinatupwa.

Wasiotaka kompyuta watumie sarafu. Chukueni ya shilingi 100 na ya 500, ili msizichanganye. Sura iwe mvulana, mnyama awe msichana. Rusheni zote mbili. Njia ya karani: mtu wa pili anachungulia na kusema kama ipo sura hata moja, kama haipo, mtupo huo haurekodiwi. Njia ya duka: funika zote kwa kiganja, funua moja bila kuchungulia, ikiwa mnyama, achana na mtupo huo. Ila mtu mmoja akirusha mara 40 tu asije akatangaza ushindi. Kwa njia ya karani atabakiwa na mitupo kama 30, akitarajia sura mbili mara 10, na kwa bahati tu anaweza akapata 14 akaamini ni nusu. Wakirusha watu kumi, mara 40 kila mmoja, mkajumlisha, mtakuwa na mitupo kama 300. Hapo theluthi ni 100 na nusu ni 150, na bahati haiwezi kuziba pengo kubwa namna hiyo. Kazi hii inataka watu wengi wenye subira kidogo kila mmoja, na ninyi hao watu mnao tayari.

Najua kundini kwenu lazima yupo aliyeshaleta fumbo la milango mitatu, maana halikosi. Gari nyuma ya mlango mmoja, mbuzi nyuma ya miwili. Unachagua mmoja, mwenye mchezo anafungua mwingine wenye mbuzi, anakuuliza kama unahama. Steve Selvin ndiye aliyeliandika mwaka 1975 katika jarida la wanatakwimu wa Marekani, na lilipata umaarufu mwaka 1990 Marilyn vos Savant alipolijibu katika jarida la Parade: hama, utashinda theluthi mbili. Alipokea barua zipatazo 10,000, nyingi za kumkosoa, na karibu 1,000 zikiwa za watu wenye shahada ya uzamivu. Paul Erdős, mwanahisabati aliyeandika makala nyingi kuliko takriban mwingine yeyote, inasimuliwa kwamba hakukubali hadi alipoonyeshwa matokeo ya kompyuta. Vos Savant alikuwa sahihi, lakini kwa sharti lilelile ninalolipigia kelele: mwenye mchezo anajua gari lilipo, kila mara anafungua mlango wenye mbuzi, na kila mara anakupa nafasi ya kuhama. Katika michezo 300, chaguo lako la kwanza lina gari mara 100. Mara 200 zilizobaki yeye mwenyewe anakuachia mlango wenye gari. Sasa badilisha kitu kimoja: mwenye mchezo hajui, anafungua kwa kubahatisha. Mara 100 atafumua gari kwa bahati mbaya na mchezo unakufa. Zinabaki 200, na gari liko nyuma ya mlango wako mara 100, nyuma ya ule mwingine uliofungwa mara 100. Kuhama hakuna faida wala hasara. Umemwona mbuzi yuleyule, ila kaletwa na mtu asiyejua anachofanya.

Utaniuliza, haya yote yanamsaidia nani? Kuna mahali ambapo hesabu hii ya hali nne si mchezo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto huchukua nakala moja ya chembe ya urithi kwa baba na moja kwa mama. A ni nakala ya kawaida, S (hapa si msichana tena) ni nakala ya selimundu. Wazazi wawili wenye vinasaba vya AS, ambao kwa kawaida wako wazima wenyewe, wanaweza kumpa mtoto AA, AS, SA au SS. Ni zilezile herufi zetu zimebadilishwa tu. SS ndiye mgonjwa, na kila mimba ina robo yake.

Kosa la kwanza ambalo nalisikia sana ni mzazi kusema: "Tumeshampata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Robo si zamu. Mimba haikumbuki mimba iliyotangulia, kama sarafu isivyokumbuka mtupo uliopita. Ya pili ina robo, ya tano ina robo.

Kosa la pili ni fumbo lenu lenyewe. Kijana mzima, mdogo wake ana selimundu, wazazi wote ni AS. Anauliza: "Mimi nina uwezekano gani wa kuwa nimebeba S moja?" Wengi wanajibu nusu, kwa sababu kwenye orodha ya nne, AS na SA ni mbili. Lakini huyu amefika utu uzima akiwa hana ugonjwa, kwa hiyo SS imeshafutwa. Zinabaki AA, AS na SA. Mbili kati ya tatu. Na hapa hakuna utata wa karani na duka, maana kilichoifuta SS kinajulikana: afya yake, ambayo ingekuwa ileile kama angekuwa AA, AS au SA. Nusu ni jibu la mtoto ambaye hajazaliwa. Theluthi mbili ni jibu la kijana aliyesimama mbele yako.

Ila kijana huyo asitembee na theluthi mbili kichwani akipanga ndoa. Aende hospitali yeye na mchumba wake wapime damu, wachambuliwe himoglobini, wakae na mtoa ushauri uso kwa uso. Kipimo kitamwambia amebeba au hajabeba, na theluthi itakuwa haina kazi tena. Mtu akileta kundini majibu yake ya maabara ili mumpigie hesabu, admini, mwelekeze kliniki.

Kuhusu kuliendesha kundi. Nisingeifuta kura, maana inachangamsha, lakini ningeipiga kabla ya mjadala na kuitumia kujua watu wamesimama wapi, basi. Anayetupia fumbo la uwezekano alazimike kuandika habari ilipatikanaje: nani aliuliza, nani alichagua, nani alikuwa anajua nini. Nusu ya ugomvi wenu itakufa hapo. Suluhisho zije kwako faragha hadi Jumapili, la sivyo wa kwanza kuandika ndiye anayewafikiria wengine. Na mkatae suluhisho za sauti. Mtu akirekodi dakika nne za "kwanza kabisa ndugu zangu" hakuna anayeweza kuona kosa liko wapi. Apige picha karatasi aliyoorodheshea hali zake, wenzake watalinyooshea kidole kosa kwa sekunde kumi. Mnapobishana, kila upande kwanza ueleze ni katika mazingira gani jibu la upande wa pili lingekuwa sahihi. Hapo mtaanza kucheka wenyewe.

Pia changanyeni na mafumbo ya mantiki tupu, yanapoza. Lile la siku ya kuzaliwa ya Cheryl, lililotoka kwenye mashindano ya hisabati Singapore na kuzunguka dunia Aprili 2015, ni zuri sana. Albert anaambiwa mwezi tu, Bernard anaambiwa tarehe tu, tarehe za kuchagua ni kumi, na kinachowapa jibu ni maneno matatu mafupi wanayotamkiana, yakianza na "sijui, na najua wewe pia hujui". Kila hatua inafuta tarehe kadhaa, na yeyote anaweza kuikagua. Kuna mengine lakini ambayo hata wataalamu hawajakubaliana hadi leo. La mrembo aliyelala, lililojadiliwa sana tangu makala ya mwanafalsafa Adam Elga ya mwaka 2000, lina kambi ya nusu na kambi ya theluthi kama zenu. Hilo msiliguse kabla wale wawili hawajarudi.

Nimeuacha mwishoni mkeka, si kwa sababu ni mdogo. Ni kweli elimu hii ilikulia kwenye kamari: mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatika kabla ya kumalizika. Lakini waliokuja kuitumia vizuri zaidi ni wenye meza. Chukua mechi ambayo kweli ni nusu kwa nusu. Haki ingekuwa odi (kiasi unachorudishiwa kwa kila shilingi ukishinda) 2.00 kila upande. Kampuni inakupa, tuseme, 1.85. Ukiweka shilingi 1,000 utarudishiwa 1,850 nusu ya mara, yaani 925 kwa wastani. Zile 75 zimeshakwenda kabla mpira haujaanza. Unganisha mechi tano za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, na makato yanazidishana: wastani wa kurudi ni kama shilingi 677 kwa kila 1,000. Mkeka mrefu unavutia kwa sababu ya tarakimu ya chini pale, na ndio unaokula zaidi. Kuyajua haya yote hakubadilishi odi hata kidogo. Kunaweza kukufanya usicheze, na hiyo ndiyo faida yake pekee ninayoifahamu.

Na muuza mikeka wenu mpime kwa swali la dukani. Anawarushia picha za mikeka iliyotiki. Jiulize: kama angekuwa anabahatisha tu, ningeona nini? Ungeona picha hizohizo, maana iliyochanika haipigwi picha. Akiwatumia watu nane utabiri tofauti wa mechi tatu, ama huyu ama yule, lazima mmoja wao apate zote tatu na kuamini amekutana na nabii. Mtoe kundini, kwa adabu lakini mtoe. Na ukisikia kuna mwenzenu anakopa ili abeti, anaficha hasara nyumbani, au anabeti ili arudishe zilizoliwa, hapo tumetoka kwenye mafumbo. Mpigie simu, usimwandikie kundini. Msindikize kwa mshauri nasaha au kitengo cha afya ya akili hospitali iliyo karibu, na ndugu mmoja anayemwamini awepo.

Kama unataka kwenda mbele zaidi ya kundi, tafuta mwalimu wa hisabati wa sekondari hapo mlipo na umwombe saa moja na ubao. Wengi wanaona fahari kuombwa. Mtu anayekutazama usoni unapohesabu atagundua ulipokwama haraka kuliko mimi ninayekujibu kwa maandishi.

Ijumaa hii warushie hili, linatokana na kitabu cha Mfaransa Joseph Bertrand cha mwaka 1889, na habari yake nimeikamilisha. Kuna masanduku matatu yanayofanana kwa nje. Moja lina sarafu mbili za dhahabu, la pili mbili za fedha, la tatu moja ya dhahabu na moja ya fedha. Unachagua sanduku bila kuona, unaingiza mkono bila kuchungulia, unatoa sarafu moja. Ni ya dhahabu. Kuna uwezekano gani kwamba iliyobaki humo nayo ni ya dhahabu? Jibu si nusu. Wakikwama, waambie wahesabu sarafu, si masanduku.